Vita vya Kificho na Debe Jeupe

Tueni mizigo, enyi wapita njia; nanyi mlioketi barazani, sogeeni mkae vizuri; mwenye kahawa na amimine sasa hivi kisha aache kugonga vikombe, kwani linalokuja hapa si la kusikilizwa na sikio moja huku la pili likifuata bei ya samaki. Wafalme wamepigana wakaandikiwa, majemadari wameteka miji wakaimbiwa, na hapa Wete, kisiwani Pemba, alikuwapo mwanamume aliyepigana na debe la mafuta ya taa, akapigana nalo karibu wiki nzima, na hakuna aliyemwandikia hata mstari. Jamani, hii ni haki? Basi leo haki yake inalipwa, kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyeumba chuma, akaumba na moto, kisha akampa binadamu akili ya kuvikutanisha, ingawa wengine aliwapimia kwa kijiko.

Huyo ndiye Kificho bin Shaame, simba wa bandari, ngao ya karafuu, mrefu wa shingo na mpana wa masharubu, mlinzi wa bunduki katika ghala la Bwana Nyange. Kila alasiri alitoka nyumbani kwake Jadida, koti la kaki limepigwa pasi hata likaweza kusimama peke yake, bunduki begani, akateremka kwenda bandarini kwa mwendo wa jeshi zima ilhali yeye ni mtu mmoja. Wacheza bao walinyanyua macho. Wauza muhogo wa kuchoma walimpisha njia. Naye aliwajibu wote, "Masalkheri, masalkheri," kwa sauti nzito, kana kwamba usingizi wao wa usiku ule ameuchukua yeye mfukoni.

Bunduki yenyewe aliipa jina, akaiita Bi Kimya, kwa kuwa tangu ilipofika ghalani haikuwahi kumsemesha mwizi hata mmoja. Mkewe, Bi Mwanawema, aliiita mke mwenzangu. Na mjue kwamba Kificho alizaliwa Kojani, kisiwa cha wavuvi, ambako mtoto huanza kutengeneza wavu kabla hajajua kufunga msuli. Lakini yeye, maskini, bahari ilimkataa. Akitia mguu chomboni tu, tumbo lote linapanda juu. Ndugu zake walimcheka mpaka akahama. Bunduki ile ndiyo iliyomrudishia uso: tangu aishike, kila alipokwenda kwao kwa Idi hawakumwita tena mtapishi, walimwita askari, na hata mama yake mzazi alimpa mkeka mpya wa kukalia. Bila Bi Kimya, Kificho alikuwa mtu wa Kojani asiyeweza bahari, basi.

Sasa palikuwa na desturi moja. Kila mwaka, karafuu zinapokaribia kuchumwa, matajiri wa maghala walimtaka kila mlinzi mwenye bunduki athibitishe kwamba bado anaiweza. Bondeni nyuma ya Jadida, mbele ya ukingo mrefu wa udongo mwekundu, lilisimamishwa debe lililopakwa chokaa. Mlinzi alipewa risasi tatu, na walau moja ilipate debe. Akilikosa, bunduki yake hupewa mwenzake wa rungu, na rungu la mwenzake hupewa yeye. Mpimaji wa zamani alikuwa mtu wa huruma sana. Risasi ikiingia ukingoni, alisema, "Inatosha, imepita jirani," akaenda zake kula. Na Kificho, tuseme kweli, hakuwahi kuukosa ukingo.

Lakini mwaka ule matajiri walimleta mpimaji mpya, Sarjenti Soud, polisi mstaafu, mfupi, mkavu, mtu ambaye inasemekana hakucheka hata siku ya harusi yake.

Kificho alipopata habari hiyo hakutetemeka. Alifanya lile ambalo shujaa hufanya kabla ya vita: alimpamba mpenzi wake. Mafuta ya bunduki yaliyotolewa ghalani yalikwisha zamani, naye aliona aibu kuomba mengine. Kwa hiyo aliichukua chupa ya mafuta ya nazi ya Bi Mwanawema, yale yaliyopikwa kwa nazi zilizokomaa na kutiwa asumini, akamsugua Bi Kimya nje na ndani, akamdondoshea kila tundu, mpaka akanukia kuliko bibi-arusi.

"Baba Khairiya," alilalamika Bi Mwanawema, akiinua chupa juu kutazama kilichobaki, "nywele zangu mie zimekauka kama makumbi, na huyo mke mwenzangu anang'ara! Hii ndiyo insafu?"

"Mama Khairiya," alijibu Kificho, kidevu juu, "kesho mke mwenzio anakwenda vitani. Weye unakwenda kisimani."

Kulipokucha, kipupwe kilikuwa kimekaza. Ukungu ulilala bondeni, watu wamejitanda mashuka, na debe limesimama mbele ya ukingo, jeupe, jeuri, halisemi neno. Walinzi wa maghala mengine walipiga mmoja baada ya mmoja, debe likatobolewa, likabadilishwa, likatobolewa tena, na Sarjenti Soud akitikisa kichwa kidogo tu kila mara. Kando alisimama Mbarouk, mlinzi wa rungu wa ghala la Bwana Nyange, mnene, mcheshi, ambaye ndiye angeirithi bunduki.

"Mzee Kificho!" aliita Mbarouk. "Mie nimekuja na kitambaa kabisa cha kumfuta vumbi bibi. Usimkawize."

Kificho alipiga hatua mbele, akaweka risasi ya kwanza mahali pake, akamwegemeza Bi Kimya begani, kisha akalihutubia debe kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

"Ewe debe! Ewe uliyezaliwa tumboni mwa kiwanda, ukabeba mafuta ya taa, ukabeba maji, ukabeba na pumba za kuku, leo umekuja kusimama mbele ya Kificho bin Shaame? Huna mama wa kukulilia? Huna mjumbe wa kukuombea? Basi shuhudia!"

Akavuta. Kukasikika *ta*, kitu kidogo kama kuvunja kijiti, na bunduki haikulia.

Ole wake! Laiti ingelia, moshi na kishindo vingemficha kama vilivyomficha miaka yote. Lakini haikulia, na katika ukimya ule watu wote walimwona jinsi alivyo. Macho yote mawili yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu kama ya mtoto anayenyweshwa shubiri, bega limeruka mpaka sikioni, na mdomo wa bunduki umeinama ukielekea ardhini, karibu sana na vidole vya miguu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo siri aliyoijua yeye na Mola wake tu: tangu siku ya kwanza aliyoshika bunduki, Kificho alikuwa akifumba macho kabla ya kufyatua. Hakuwahi hata mara moja kuona risasi yake inakwenda wapi.

Kicheko kilianzia kwa Mbarouk kikazunguka bonde zima. Kificho akataka kugeuka.

"Usigeuke!" alinguruma Soud. "Mdomo wa bunduki mbele! Tulia, huenda ikalia kwa kuchelewa."

Akatulia, bunduki imeelekea ukingoni, masikio yanawaka kwa aibu, mpaka Sarjenti alipojongea, akafungua mtambo, akatoa risasi, akatia kidole ndani. Kidole kilitoka na kitu cheupe, kizito. Akakinusa.

"Mzee wangu," alisema, "hapa pana bunduki au pana mkate wa kumimina?"

"Ni mafuta safi, Sarjenti. Ya nazi. Ya nyumbani."

"Ya nyumbani, eti! Kaitazame chupa ya mkeo asubuhi hii ya baridi uone kama mafuta yanamiminika au yanachotwa kwa kijiko. Yameganda humu ndani, yameushika msumari unaoipiga risasi kisogoni, haukuwa na nguvu ya kuamsha hata sisimizi. Hilo dawa yake rahisi. Lakini maradhi yako hayamo katika bunduki, yamo usoni, na tumeyaona sote. Mlinzi anayepiga kafumba macho ni hatari kwa mwizi, ni hatari kwa jirani, na karafuu hazimo hata katika hesabu. Rudi Alkhamisi. Risasi tatu. Ukilikosa debe, utampa Mbarouk bunduki hii kwa mkono wako."

Kificho akarudi Jadida akipita vichochoroni, bunduki ameishika chini, siyo begani. Alihuzunika, na tusimcheke kwa hilo. Alijiona tayari anateremka bandarini na rungu la Mbarouk, alijiona Kojani siku ya Idi, kaka zake wanaulizana, "Kumbe askari alikuwa anapiga kafumba?" na mama yake anaukunja ule mkeka. Aliketi kibarazani akamweleza mkewe kila kitu, maana habari zingemfikia tu, tena zikiwa na chumvi.

Bi Mwanawema alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo, Baba Khairiya," alisema taratibu, "miaka yote hii ulikuwa unamlindia Bwana Nyange ghala lake kama mtoto anayecheza kibe, kafumba macho wenzake wajifiche?"

"Usiniongezee, Mama Khairiya."

"Sikuongezei. Nataka kujua tu. Unaogopa nini?"

Hapo shujaa, aliyekuwa hajawahi kukiri kuogopa hata mbu, akainamisha kichwa. "Mshindo," akasema. "Najua unakuja. Kule kujua kwamba unakuja ndiko kunakonifumba. Si mie, wallahi. Ni macho yenyewe."

"Basi macho yatafundishwa," alisema Bi Mwanawema, akanyanyuka na kujifunga kanga kiunoni, na kuanzia hapo vita vilipata jemadari.

Kwanza aliamuru Bi Kimya aogeshwe. Kificho akamfungua mtambo, akausafisha kwa mafuta ya taa kila kipande, akaukausha, kisha akaenda kuomba tone la mafuta ya cherehani kwa fundi jirani, naye fundi akampa bila kuuliza kitu, ila alikuwa anauma midomo. Chupa ya nazi ikarudi kwa mwenyewe. Risasi hazikuwako nyumbani, zilifungiwa ghalani. Hata hivyo Bi Mwanawema hakuridhika mpaka alipotia kidole chake ndani ya bunduki na kuhakikisha kwamba haina kitu.

Kisha wakatoka ua wa nyuma. Kifuu cha nazi kilitundikwa kwenye ua wa makuti, Kificho akasimama mbali nacho na kulenga, na juu ya mtutu, karibu na mdomo wake, mkewe akaweka konyo moja la karafuu, kile kikonyo ambacho karafuu hupambuliwa kwacho. Yeye mwenyewe akasimama nyuma ya mumewe, sinia la shaba mkono mmoja, mchi mkono wa pili.

"Sheria ni hii," alisema. "Konyo lisianguke. Na utakuwa unaniambia unachokiona, bila kunyamaza, mpaka umalize kuvuta. Mtu aliyefumba hana cha kuniambia. Haya!"

"Nakiona kifuu," alianza Kificho. "Nakiona kina jicho upande wa chini. Naona..."

*Paaa!* likalia sinia. Konyo likaruka mpaka kwenye banda la kuku, na Kificho akajikuta amechuchumaa.

"Ulikuwa unaona nini hapo?" aliuliza jemadari.

"Niliona giza, Mama Khairiya."

"Tena!"

Wakaanza tena. Sinia lililia asubuhi, likalia adhuhuri, mchi unashuka pale ambapo mtu hautazamii, na makonyo yakatapakaa ua mzima. Jirani yao Bi Bimkubwa, mwanamke mzito asiyependa kukimbia, alitoka mbio na sufuria yake na mwiko, akaanza naye kugonga huku anatazama juu, maana wote wanajua kwamba sinia likigongwa hivyo mchana kutwa basi jua limepatwa na inabidi lisaidiwe.

"Liko wapi? Limeliwa upande gani?" alipiga kelele.

"Jua zima, Bi Bimkubwa!" alijibu Bi Mwanawema. "Aliyepatwa ni Baba Khairiya. Lakini usiache kugonga, unatusaidia."

Basi wakawa wawili nyuma yake. Siku zikapita namna hiyo, Kificho akienda bandarini alasiri masikio yanavuma, akirudi anasimama tena uani, mikono inamwuma, shingo inamwuma, anasema kwa sauti kila anachokiona kama kipofu aliyeponywa juzi. Jumatano, wakati Bi Bimkubwa alipogonga sufuria sikioni mwake na Bi Mwanawema akaangusha sinia zima sakafuni, Kificho alisikika akiendelea kusema, polepole, "Nakiona bado. Nakiona bado," na kidole kikamaliza kuvuta, na konyo likabaki juu ya mtutu, limelala.

Bi Mwanawema alikwenda akalichukua lile konyo juu ya mtutu, akaligeuza geuza mkononi, akaanza kulia, kisha akamgombeza mumewe kwamba kamfanya abonyeze sinia.

Ikafika Alkhamisi. Enyi wasikilizaji, zamani zile Wete ilikuwa imegawanyika kwa siasa mpaka watu wa chama hiki walikuwa hawawaazimi wa chama kile hata kiberiti, na kahawa ilinywewa kwa mabaraza mawili. Lakini asubuhi ile mabaraza yote yalikuwa matupu. Watu walijaa bondeni, wa huku na wa kule, wamekanyagana miguu na kuombana radhi, na wanawake wa Jadida wamesimama juu kidogo na mabuibui yao, Bi Mwanawema mbele. Ukungu ulikuwa ule ule, baridi ile ile, na debe jipya limesimama, limepakwa chokaa mara mbili.

"Mzee Kificho," alisema Sarjenti Soud, "uko tayari?"

Safari hii Kificho hakulihutubia debe. "Niko tayari," alisema, na watu wakatazamana, kwani maneno mawili kutoka kwake yalikuwa ajabu ya kwanza ya siku ile.

Akaweka risasi. Akalenga. "Naliona debe," alisema, na watu wakaguna. "Naliona lina mshikio. Naona chokaa imechuruzika." Akavuta, na pale kwenye ncha kabisa ya kuvuta, macho yakamsaliti, yakafumba. Bunduki ikalia, bonde likaitika, na udongo ukaruka mahali asipopajua. Debe lilisimama.

Mbarouk akakung'uta kitambaa chake.

Risasi ya pili. "Naliona debe," alisema Kificho, na sasa jasho lilikuwa linamtoka katika baridi. Huko juu mwanamke mmoja alisikika akisema, "Niambie!" na kila mtu alijua ni nani. "Naliona," alisema Kificho. "Naliona bado. Naliona ba..." Bunduki ikalia, bega likarudi nyuma, na macho, ya rabi, macho yalikuwa wazi! Yalitoka kama ya samaki pono, yakawa na machozi ya moshi, lakini yalikuwa wazi, na yakaona mavumbi mekundu yakiruka kushoto kwa debe, upana wa kiganja tu.

"Kushoto!" alipiga kelele Kificho. "Imekwenda kushoto! Nimeiona! Jamani, nimeiona!"

"Umekosa, Mzee," alisema Soud.

"Nimekosa, Sarjenti, lakini nimeona nilivyokosa!"

Soud akajikuna kidevu. "Basi ukishaona," alisema kwa sauti ya chini, "unajua la kufanya."

Na kweli alijua. Mtu ambaye miaka yote alikuwa akitupa risasi gizani, sasa alikuwa na la kusahihisha. Akaweka risasi ya tatu, ya mwisho, ile iliyobeba koti la kaki na mkeka wa mama yake na salamu zote za alasiri. Akasogeza mdomo wa bunduki kulia kidogo, kidogo mno. Na watu wa vyama vyote viwili wakazuia pumzi. "Naliona debe," alisema. "Naliona. Naliona." Sauti yake haikukatika, ilizibwa na mshindo.

Debe likaruka. Liliruka juu, likageuka, likaanguka kifudifudi, likabiringika mpaka miguuni mwa ukingo na kulala pale kama adui aliyeomba amani.

Sarjenti Soud alikwenda mwenyewe, kwa hatua zake fupi, akaliinua, akalitazama huku na huku. Tundu lilikuwa pembeni kabisa, karibu na mshikio, na kwa ukarimu wote lisingeweza kuitwa la katikati. Akapitisha kidole.

"Tundu ni tundu," alitangaza. "Bunduki ibaki kwa mwenyewe. Na mwakani aje tena, na kila mwezi nimwone hapa, ghala litoe risasi, na atakayemwuzia mafuta ya nazi atanijua mimi nani."

Hapo bonde likalipuka. Vigelegele vilishuka kutoka juu, kofia zikarushwa, watu wasioazimana viberiti wakakumbatiana kabla hawajakumbuka, na kila upande ukaapa kwamba Kificho ni mtu wao tangu zamani. Mbarouk alimjia, akakifungua kitambaa chake, akamfuta shujaa jasho la uso.

"Yakhe," alisema, "mie rungu langu nalipenda tu. Halina mshindo."

Bi Mwanawema aliteremka, watu wakampisha. Alisimama mbele ya mumewe, akayatazama macho yake mekundu, yaliyovimba, yasiyotaka kupepesa.

"Vyereje, Baba Khairiya?" aliuliza. "Lilikuwaje?"

Kificho bin Shaame, simba wa bandari, ngao ya karafuu, mshindi wa debe, alitafuta hotuba akaikosa.

"Linaruka, Mama Khairiya," alisema. "Debe linaruka. Miaka yote nimekuwa nikipiga, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekuwapo."

Waandishi wa historia hawakuwako bondeni asubuhi ile, walikuwa na wafalme wao wa kushughulikia. Lakini Jadida haikusahau. Mwaka ule yalitokea mambo makubwa ambayo hakuna anayeyataja. Ila ukimwuliza Bi Mize, aliyekuwa mjamzito na akashikwa na uchungu katikati ya vile vigelegele, kwamba mwanawe wa mwisho kazaliwa lini, hatakutajia mwezi wala mwaka. Atakwambia, na uso wake utakuwa wa mtu anayesema jambo linalojulikana duniani kote, kwamba kazaliwa Alkhamisi ile Mzee Kificho alipopiga macho wazi.